Kufungua kidonda bila kumtesa mgonjwa

Maumivu mengi ya siku ya kuosha kidonda tunayatengeneza wenyewe: gozi (kitambaa chepesi chenye vitundu cha kufungia kidonda) iliyokauka, dawa iliyomezwa saa isiyo yake, na mikono yenye haraka. Ni hivyo kwenye chumba cha dresingi, na ni hivyo nyumbani Mbagala mnakomuuguza bibi mwenye donda ndugu la mguu.

Tuanze na saa. Parasetamo ya kumeza huanza kusaidia baada ya dakika 30 hadi 60, na nguvu yake hupungua kuanzia saa ya nne. Mgonjwa akimeza kabla ya kupanda daladala, akakwama kwenye foleni, kisha akakaa benchi hadi mchana, atafunguliwa kidonda dawa ikiwa imeshaisha mwilini. Abebe vidonge na maji, ameze zamu yake ikikaribia. Kwa mtu mzima wa uzito wa kawaida asiye na ugonjwa wa ini ni vidonge viwili vya miligramu 500, na kwa saa 24 asizidishe gramu 4. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, msimpe mwenye kisukari au shida ya figo bila daktari kujua. Parasetamo isipotosha, daktari anaweza kuandika morfini ya maji. Kumwambia mtu "vumilia kidogo" wakati dawa ipo si uuguzi.

Sasa gozi. Ikiwekwa kavu juu ya kidonda, nyama mpya huota ndani ya vitundu vyake. Ukiivuta unaing'oa nyama hiyo, damu inatoka, na wapo wanaofurahia damu wakidhani kidonda kimesafishika. Kimejeruhiwa upya. Mwagia maji ya chumvi, subiri dakika 10 hadi 15, ikigoma mwagia tena. Maji yawe vuguvugu: weka chupa kwenye beseni la maji ya moto, kisha jaribu kwa ndani ya kifundo cha mkono wako. Nyumbani, nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, yanatosha kwa siku hiyo, yanayobaki mwaga. Spiriti na hidrojeni peroksaidi huchoma na kuua nyama changa, ziacheni kabatini.

Na zima feni! Joto la Dar tunalijua, lakini upepo kwenye kidonda kilicho wazi unauma kweli.

Plasta ibandue polepole, ukiilaza sambamba na ngozi, kwa uelekeo wa nywele, mkono wa pili ukikandamiza ngozi. Unapofunga, tanguliza gozi yenye vaselini, ndipo ile kavu ije juu.

Kukata nyama iliyokufa ni kazi ya aliyefunzwa, tena kwa ganzi. Kwa vidonda vya miguu kuna krimu ya ganzi ya lidokeini na prilokeini: inapakwa nene, inafunikwa kwa plastiki nyembamba dakika 30 hadi 60.

Muulize maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, kabla na katikati ya kazi, na mkubaliane kwamba akiinua mkono unasimama. Wazee wengi watajibu "sijambo, mwanangu" kwa heshima tu, kwa hiyo tazama vidole vya miguu vinavyojikunja.

Mwenye kisukari aliyekufa ganzi mguuni huenda asihisi lolote. Mguu huo ukianza kuuma ghafla, ukavimba au kutoa harufu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki.