Mtoto wa jicho, chura na mikorosho ya babu

Dadaangu kapiga simu toka Newala analia, kichanga chake cha wiki 5 kimekutwa na mtoto wa jicho, la kushoto, daktari anataka kipelekwe Dar kikafanyiwe opresheni harakaharaka. Bibi hapa Mtwara akaja juu, kitoto hichi mkakipasue? Kingoje kiote meno kwanza! Na mimi nilikuwa upande wa bibi sidanganyi, ila usiku nikaingia mtandaoni kusoma, usingizi ukaruka.

Kumbe shida si jicho tu, ni ubongo unavyojiunga nalo. Hesabu tu yenyewe. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva kama bilioni 86, kila moja imeunganika na wenzake maelfu, halafu jeni zetu, yale maelekezo ya kujenga mwili tunayorithi kwa wazazi, ni kama 20,000 tu. Sasa hiyo ramani ya nani kaungwa na nani ingeandikwa wapi? Haienei. Kwahiyo jeni zinaelekeza juujuu, kama unavyomwelekeza mgeni Mikindani, shuka stendi, fuata bahari, ukifika huko ulizia. Kuna mwanasayansi anaitwa Roger Sperry, miaka ya 1940 alimkata chura neva ya jicho akaligeuza jicho juu chini, neva ikaota ikarudi palepale pa zamani, chura akiona nzi juu ulimi anautupa chini, na hajirekebishi maskini.

Ila kazi kubwa iko kwenye kuulizia. Neva zinazowaka pamoja zinashikana, zisizo na kazi zinapogolewa, kama babu na mikorosho yake. Na inaanza tumboni huko, jicho halijaona kitu, retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inajipigia mawimbi ya umeme gizani, majirani wanawaka pamoja basi ubongo unajua aa, hawa wanakaa mtaa mmoja. (Hapo nilirudia kusoma mara tatu.)

Sasa wanasayansi Hubel na Wiesel, hawa walipewa tuzo ya Nobel 1981, walimfunga paka mchanga jicho moja, kuja kulifungua jicho lenyewe zima kabisa ila ubongo haulitaki, sehemu yake imeshachukuliwa na la pili. Paka mkubwa ukimfunga hivyohivyo hapati shida hiyo.

Asubuhi nikamwambia bibi, macho yanagombania shamba, hili likichelewa mwenzie analima mpaka uani kwake. Akanyamaza weee, akauliza nauli ya Dar shilingi ngapi.

Washarudi. Jicho zima linabandikwa plasta kila siku masaa waliyopangiwa ili lile bovu nalo lipate zamu, na anayeshika saa ni bibi, ukibandua dakika moja kabla mtagombana.