Tunajuaje ni lake?

Alhamisi, Iringa.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili tarehe wanazo. Vita vya Lugalo, 17 Agosti 1891. Kuanguka kwa ngome ya Kalenga, 1894. Kifo cha Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, 19 Julai 1898. Wanazitiririsha utadhani wanasoma desa, na pengine wanasoma kweli, maana simu huwa chini ya dawati.

Leo kwenye semina niliacha tarehe. Nikauliza: fuvu lililoko makumbusho ya Kalenga, tunajuaje ni la Mkwawa?

Kimya. Kunyamaza bila kujijibu mwenyewe ni kazi kuliko kuandaa slaidi. Hatimaye mmoja akasema lilirudishwa kutoka Ujerumani na Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, mwaka 1954. Sawa, na yeye alijuaje? "Mkataba wa Versailles, Dokta. Kifungu cha 246." Nikamwomba akisome. Katika mkataba huo wa 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, kinaitaka Ujerumani iikabidhi Uingereza fuvu hilo ndani ya miezi sita; namna ya kulitambua hakigusi. Hapo wakaanza kubishana wao kwa wao.

Nikaongeza jambo moja tu: Twining alilichagua kutoka mafuvu mengi ya makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya jamaa za Mkwawa, tena lilikuwa na tundu la risasi. "Kwani waliopigwa risasi vita ile walikuwa wangapi?" akauliza binti wa nyuma, ambaye muhula huu sijapata kuisikia sauti yake.

Kijana mmoja Mhehe akachukia. "Kwa hiyo Dokta, tunayemheshimu siye?" Hasira yake naielewa. Tumelelewa kuamini kwamba anayehoji anapinga, na huko sekondari muulizaji huitwa mjuaji. Nikamuuliza ushahidi gani ungemtosha. Akafikiri, akataja vinasaba, kisha akajigeuza mwenyewe: ruhusa ya kupima ataitoa nani, ukoo au serikali? Na Mwingereza alilirudisha kwa faida gani, mwaka ambao Mau Mau inawaka Kenya? Muda ukaisha wakiwa hapo hapo, wengine wakaendelea kubishana hadi kantini.

Wiki ijayo kila mmoja ataleta kurasa mbili. Nitasahihisha sababu, si msimamo. Anayesema ni lake na anayesema silo, wote wanaweza kupata A. Bila shaka kuna aliyeuliza kama hili litatoka kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula.