Siku moja maishani mwangu: fundi wa AC kwenye nyumba ambayo bado inajengwa

Saa 11 na nusu alfajiri niko macho napanga begi. Geji, pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa yote kwenye mabomba), mtungi wa naitrojeni, mzani wa gesi, pima maji, futi, na daftari. Watu wengi wanajua fundi wa AC ni mtu wa kutoboa ukuta, kutundika boksi na kujaza gesi basi. Kumbe nusu ya kazi iko kwenye hilo daftari, kabla hata tundu la kwanza halijatobolewa, na hiyo nusu haionekani na wala wateja wengi hawataki kuilipia.

Saa 2 mpaka saa 3 na nusu tulikuwa kwa mteja wa zamani, AC mbili, chujio zimejaa vumbi na bomba la maji limeziba kwa utelezi, tumesafisha tumeondoka.

Saa 4 kamili tukafika kwenye kazi ya leo, mimi na dogo ninayemfundisha. Nyumba ya ghorofa moja, chini sebule na chumba kimoja wanakaa watu, juu vyumba vitatu ni matofali matupu hata plasta bado. Tulikubaliana na mwenye nyumba tukutane saa 4 hiyo hiyo. Saa 4 na nusu simu haipokelewi. Saa 5 ananiambia "niko njiani fundi". Kusubiri kwenye kazi yetu kunachosha kuliko kubeba mashine maana saa zinakatika na jua linapanda na wewe unajua utamalizia gizani. Ila sikukaa bure, nilipima kila chumba, urefu upana na kimo, madirisha yanaangalia wapi, ukuta upi unapigwa na jua la jioni, na juu nikakuta bati limekaa wazi hakuna kitu chochote cha kuzuia joto. Hivyo vyote naandika. Vyumba viwili vya ukubwa mmoja, kimoja chini ya ghorofa na kingine chini ya bati, havihitaji mashine moja, na anayekadiria kwa kuangalia sakafu peke yake anabahatisha.

Saa 6 na nusu mzee akafika, na kabla ya salamu kuisha akatoa simu kunionyesha mashine aliyoichagua. Ya nje moja, BTU 36,000 (BTU ndo kipimo cha nguvu ya kupoza), ina milango minne ya kuunganisha mashine za ndani. Anataka leo niunge moja tu ya chumbani, BTU 9,000, hiyo milango mingine mitatu ibaki imefungwa mpaka vyumba vya juu viishe. "Nanunua kubwa mara moja fundi, nikijenga nachomeka tu."

Hilo neno kuchomeka ndo limenila zaidi ya saa nzima.

Nikamwambia mzee naomba tukae chini. Hizi mashine za invata zinapunguza kasi kadri joto linavyopungua, ndo maana zinakula umeme kidogo, lakini hazishuki mpaka sifuri, kila moja ina kiwango cha chini ambacho haiwezi kwenda chini yake. Sasa chumba kimoja usiku, jua limezama, mara nyingi hakihitaji hata nusu ya hiyo 9,000, halafu nje umeweka kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ya 36,000. Itawaka, itapoza haraka, itazima, itawaka tena, usiku kucha hivo hivo. Kompresa inachoka mapema, umeme unaliwa, na kibaya zaidi AC inaondoa unyevu kwenye hewa ikiwa inafanya kazi mfululizo, ikizimazima unabaki na chumba cha baridi lakini shuka ziko kama zimenyeshewa. Tena watengenezaji wengi wanaandika kabisa kwenye kitabu kwamba mashine ya milango mingi iungwe angalau vichwa viwili, yaani mashine mbili za ndani.

Akaniangalia. Akampigia ndugu yake, akaweka spika, ndugu akasema "huyo anataka akuuzie mashine nyingi". Iliniuma, sitaficha. Mimi siuzi mashine, nafunga. Mzee naye akaongezea "sasa fundi kazi yako ni kufunga au kunizuia?" Nikanyamaza kidogo, nikanywa maji, nikarudi na daftari.

Nikamuuliza vyumba vya juu vinaisha lini. Hajui, labda miaka mitatu, labda mitano. Nikamwambia hapo ndo penye tatizo lenyewe. Zamani AC nyingi za nyumbani zilitumia gesi ya R22, ikaja R410A, sasa hivi mashine mpya nyingi ni R32, na hazichanganyiki, huwezi kuunga kichwa cha R32 kwenye mashine ya nje ya R410A. Na hata gesi ikiwa ile ile, kichwa lazima kiwe kwenye jedwali la mtengenezaji wa hiyo mashine ya nje, na huo muundo baada ya miaka mitano unaweza usiwepo tena dukani. Utabaki na milango mitatu isiyo na wa kuingia. Na kuongeza kichwa sio kuchomeka, gesi inafungiwa au inatolewa, laini mpya ya gesi inapimwa, inavutwa vakyumu, na kwa baadhi ya mashine nyumba nzima inakaa bila AC siku hiyo. Halafu ikifa kompresa moja, vyumba vyote vinne vimekufa pamoja. Na kama kuna msimu wa kutumia joto ndo kabisa, mashine za kawaida za aina hii huwezi kupasha chumba kimoja huku unapoza kingine.

Siko kinyume na mashine za milango mingi, nimefunga nyingi na ninazipenda pale nje ni padogo au vyumba vyote vinaanza kutumika karibu pamoja. Mtu akiniambia chumba cha tatu kinaisha miezi sita ijayo na kichwa chake anakinunua leo, namuachia mlango mmoja wazi bila wasiwasi. Ila milango mitatu kwa "labda miaka mitano" hapana.

Nikamchorea. Leo mashine mbili zinazojitegemea, 12,000 ya sebule na 9,000 ya chumba. Pesa inayobaki isikae kwenye kompresa, iingie ukutani sasa hivi wakati matofali yako wazi. Kila chumba cha juu kiachiwe bomba pana la plastiki kutoka pale kichwa kitakapokaa mpaka nje, kona zake pana. Akauliza kwa nini nisizike kopa, yale mabomba ya shaba ya gesi, kabisa. Kwa sababu kichwa cha 9,000 au 12,000 kwa kawaida kinatumia kopa mbili, ya robo inchi na ya tatu ya nane ya inchi, ukija kutaka 18,000 ile nene inakuwa nusu inchi, 24,000 ndo inakua zaidi, ukishazika saizi umejifunga, bomba pana linapokea yoyote. Bomba la maji ndo lizikwe leo, kwa mteremko wa angalau sentimita 1 kila mita, maana maji hayapandi mlima na hili ndo watu wanasahau halafu wanakuja kuvunja ukuta wenye rangi. Kwenye boksi la umeme nafasi tatu za breka, njia ya waya ya kila mashine iwe na kamba ndani ya kuvutia. Na kule nje eneo la mashine tatu lenye hewa, moja isimpulizie mwenzake joto usoni.

Mzee akakaa kimya anaangalia mchoro. Akasema "ungeanza na hii karatasi". Sawa mzee.

Kufika hapo ni saa 8 na tumbo halina kitu. Kuanzia hapo sikuangalia tena saa. Zile mashine mbili zilipoletwa tukatoboa sebuleni na chumbani, tundu likiinama kidogo kuelekea nje, tukatundika, tukavuta kopa, dogo akatengeneza flea nne kwa kila mashine, yaani midomo ya kopa iliyopanuliwa ili ikae kwenye nati, mimi nikakaza. Tukajaza naitrojeni kupima uvujaji, geji ikakaa vizuri upande wa chumba, upande wa sebule ikaanza kushuka taratibu. Sabuni ikaonyesha povu kwenye flea moja. Dogo akasema kaka tuikaze zaidi kidogo, nikamwambia hapana, kata, anza upya, flea iliyopasuka ukiikaza unaiua. Jua liko mgongoni, mikono inatetemeka, na bado tukaikata. Ya pili ikashika. Halafu vakyumu, hapo ndo uvumilivu unaisha maana pampu inaunguruma na wewe umesimama tu, mpaka kipimo cha hewa iliyobaki kishuke chini ya maikroni 500, unafunga pampu unasubiri uone kama inapanda. Haikupanda. Nikafungua gesi.

Giza lilitukuta juu na tochi. Vyumba vile vitatu tuliviwekea alama kwa chaki pa kupitisha mabomba, fundi ujenzi atakuja kuchonga, na nikapiga picha kila ukuta futi ikiwa imenyooshwa pembeni ili vipimo vionekane. Hizo picha nilimtumia mzee na nikamwambia asizifute hata akibadilisha simu, maana plasta ikishapita hakuna atakayekumbuka bomba liko wapi, hata mimi.

Nimefika nyumbani mgongo unawaka, magoti yamekataa ngazi. Nimeoga nimelala chali. Saa 4 na dakika 20 usiku simu ikalia, ujumbe wa mzee: "Fundi, mama watoto anauliza na jikoni je?"

Nikawasha taa, nikafungua daftari, jikoni kuna ukuta mmoja tu unaotazama nje na uko karibu na bomba la maji ya sinki. Nikamjibu: mwambie fundi ujenzi huo ukuta asiuguse kesho, nakuja saa 1 asubuhi.