Kilomita 280 za lami: rekebisha upepo wa tairi, springi na siti kabla ya kununua pikipiki kubwa

Mzunguko wa Dar es Salaam, Bagamoyo, Msata, Chalinze na kurudi Dar ni kama kilomita 280, zote lami. Ni njia nzuri ya kuipimia pikipiki ya wikiendi. Unaanza na foleni ya Tegeta na Bunju, unapigwa na upepo wa pwani, unapita mashamba ya mananasi ya Kiwangwa, unakutana na matuta na rasta (vijituta vyembamba vinavyofuatana) za vijijini, kisha kuanzia Chalinze unaingia katikati ya malori ya Zambia na Kongo. Wengi hushuka wakiwa na ganzi vidoleni na maumivu chini ya mgongo, na hapohapo huamua kwamba pikipiki ni ndogo, itafutwe yenye cc nyingi. Pesa nyingi hupotea kwa uamuzi huo. Mara nyingi maumivu hayo yanatoka kwenye upepo wa tairi, springi zilizokazwa vibaya, siti iliyobonyea na mkao wa mikono. Hivyo vyote vinarekebishika kwa spana, futi na fundi siti mzuri.

Tuangalie kwanza pikipiki tatu ambazo watu hupenda kuzilinganisha.

Boxer BM150 ina injini ya cc 144.8 yenye nguvu farasi kama 12, tangi la lita 11, tairi la mbele 2.75-17 na la nyuma 3.00-17. Siti yake ni ndefu na tambarare, na kwa safari ndefu hiyo ni faida kubwa: nyonga zikichoka unasogea nyuma, baadaye unarudi mbele. Shida yake ni kwamba springi za nyuma zilikusudiwa kubeba abiria na mzigo. Mtu wa kilo 65 akiwa peke yake anahisi kila kokoto. Na ukiikamua mfululizo juu ya kilomita 80 kwa saa, mtetemo unapanda hadi kwenye hendeli.

Honda XR150L ina cc 149, uzito wa kilo 129, tangi la lita 12, tairi la inchi 19 mbele na 17 nyuma. Nguvu yake haiizidi Boxer kwa kiasi cha kutisha, lakini shokapu ndefu na tairi kubwa la mbele humeza rasta vizuri sana. Siti ndiyo udhaifu wake: ni nyembamba, na baada ya saa moja mifupa ya makalio inabeba uzito wote. Ipo juu pia, milimita 825 kutoka ardhini, kwa hiyo mtu mfupi afanye mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja kabla ya kuingia kwenye foleni.

Royal Enfield Himalayan ya cc 411 ina farasi 24 hivi na nguvu ya kuzungusha ya Nm 32, tangi la lita 15, siti ya milimita 800 na tairi la mbele la inchi 21. Hii inatembea kilomita 90 kwa saa bila kulia, na kioo chake kidogo kinapunguza upepo kifuani. Lakini ina zaidi ya kilo 190. Ikilala kwenye mchanga, wengi watahitaji msaidizi kuinyanyua. Na kwenye mzunguko huu kila kijiji kina kibao cha 50, na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo kweli, kwa hiyo faida ya mwendo inayobaki ni ndogo. Kwa maoni yangu, mtu mwenye Boxer nzima haihitaji Himalayan ili afurahie Bagamoyo na Msata. Anaihitaji akianza kwenda Iringa au Lushoto kwa siku moja, na abiria nyuma.

Upepo na springi

Anza na upepo, kwa sababu haugharimu kitu. Pikipiki nyingi za cc 125 hadi 150 zenye tairi za inchi 17 zinataka psi (kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji) 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na abiria. Kipimo sahihi cha yako kipo kwenye kibandiko au kitabu chake. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, maana likishatembea linapata joto na geji inapanda. Mafundi pancha wengi hujaza kwa kubonyeza kwa kidole, na tairi linafika 40 kirahisi. Kwa upepo huo, shokapu nzuri kuliko zote haitakusaidia, kwa kuwa tairi lenyewe limekuwa gumu kama mbao. Nunua geji yako.

Baada ya hapo pima springi. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, tairi la nyuma lining'inie hewani. Pima kutoka katikati ya ekseli kwenda wima juu hadi alama uliyoweka kwenye fremu kwa kipande cha utepe. Tuseme umepata milimita 420. Kisha ishushe, ukae juu yake na koti, helmeti na begi lako, miguu kwenye vikanyagio, mwenzako akiishika isianguke. Apime tena palepale. Akipata 392, springi imeshuka milimita 28. Kipimo kinachofaa ni kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa shokapu. Kwa shokapu yenye mwendo wa milimita 100, hizo 28 ni nzuri kabisa. Ukipata 10, springi imekazwa mno, ndiyo maana mgongo unapigwa. Ukipata 45, imelegea, na kwenye tuta itagonga mwisho.

Pikipiki iliyokuwa bodaboda mara nyingi utaikuta pete za springi zimezungushwa hadi hatua ya mwisho kwa ajili ya mishkaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja. Zirudishe kwa hatua moja moja ukipima, na hakikisha pande zote mbili ziko hatua ileile. Zikitofautiana, upande mmoja unabeba kuliko mwingine na pikipiki inavuta kwenye kona. Ukifika hatua ya chini kabisa na bado inashuka milimita 10 tu, springi ni ngumu kwa uzito wako, na hakuna ufunguo utakaolitibu hilo. Itabidi kubadilisha springi.

Kisha jaribu mafuta ya ndani. Ibonyeze siti kwa nguvu na uiachie. Inapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ikicheza mara mbili au tatu, mafuta ya shokapu yamekwisha kazi.

Shokapu za mbele zina kosa lake maalumu: kujazwa oili ya injini, 20W-50. Oili hiyo ni nzito. Kwenye tuta moja refu hutaona shida, lakini kwenye rasta, ambazo zinafuatana haraka, oili haiwahi kupita kwenye matundu yake, shokapu inakuwa kama bomba la chuma, na kila pigo linakwenda kwenye viganja. Tumia mafuta ya shokapu, kwa nyingi za aina hii ni 10W, na ujazo uwe uleule ulioandikwa kwenye kitabu, pande zote mbili sawa kwa mililita. Ukizidisha, hewa iliyobaki juu ni ndogo na shokapu inagoma kushuka hadi mwisho. Kama pikipiki iliwahi kuanguka, legeza nati ya ekseli na bolti za vibano vya chini, ibonyeze mbele mara nne au tano, kisha kaza tena. Mara nyingi shokapu zilizokaa mshazari kidogo kwenye vibano zinajiweka sawa hapo.

Siti

Hapa ndipo watu wanapokosea kwa nia njema. Wanamwambia fundi aongeze sponji laini, inchi mbili. Dukani inakaa kama godoro jipya. Baada ya dakika 40 sponji imelala kabisa, umekaa juu ya plastiki, na siti imepanda kiasi kwamba miguu haifiki chini vizuri. Sponji ya siti inatakiwa iwe ngumu kuliko unavyotamani ukiibonyeza kwa kidole gumba. Milimita 20 hadi 30 za sponji nzito iliyobanwa zinatosha. Ile ya zamani iliyobonyea ikatwe hadi sehemu nzima, isifunikwe tu.

Muhimu zaidi ni umbo. Siti nyingi zinateremka kuelekea tangi, kwa hiyo kila ukifunga breki unateleza mbele, na unajirudisha kwa kusukuma hendeli. Ganzi ya vidole inaanzia hapo. Mwambie fundi ainue sehemu ya mbele mpaka pale unapokaa pawe tambarare. Kwa XR, apanue sehemu ya nyuma ya unapokaa na aiache mbele nyembamba ili miguu ifike chini. Mshono usipite katikati ya kalio. Chini ya kava pawe na nailoni, la sivyo mvua moja itaigeuza sponji kuwa kisima. Pini zisizidi milimita 8, zisitoboe plastiki ya chini.

Mikono, mtetemo na cheni

Kaa mkao wa kawaida, fumba macho, weka mikono kwenye hendeli. Kiganja na mkono wa mbele vinapaswa kuwa mstari mmoja. Kama kiganja kimekunjika kwenda juu, legeza bolti nne za kibano cha hendeli, izungushe kidogo, kaza kwa mpishano. Halafu shusha mikono ya klachi na breki ili vidole viifikie bila kuinuka. Ukiweka vinyanyuzi vya hendeli vya milimita 30, angalia waya. Washa injini bila kuvuta resi, zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Mlio ukipanda, waya wa resi umevutika, na siku moja utakata kona ya taratibu huku pikipiki ikikimbia yenyewe. Acha nafasi ya milimita 2 hadi 6 kwenye resi, na 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono wa klachi.

Mtetemo unaokaa kwenye mwendo mmoja tu unaweza kupunguzwa kwa spoketi ya mbele. Ukitoka meno 14 kwenda 15, injini inapungua mizunguko kwa karibu asilimia 7: palipokuwa na 6,000 kwa dakika panakuwa 5,600. Gharama yake ni kwamba mlimani utashuka gia mapema, na ukiwa na abiria utaiona. Kabla ya hayo kagua bolti zinazoshika injini kwenye fremu. Moja ikilegea, hata spoketi ya meno 16 haitakusaidia.

Cheni ya pikipiki ya barabarani iache icheze milimita 20 hadi 30. Zenye shokapu ndefu, 30 hadi 40. Pima katikati, na zungusha tairi ili upime pale ilipobana zaidi. Cheni iliyokazwa sana hukosa nafasi tairi la nyuma linapopanda, na inayokufa ni beringi ya spoketi ya mbele, ambayo kuifikia ni kufungua injini. Oili chafu hurushwa kwenye ringi na kukusanya mchanga. Mafuta ya giaboksi ya 90 yanashika vizuri. Paka upande wa ndani, subiri, futa yaliyozidi. Meno yakiwa yamelala kama ndoana, badilisha cheni na spoketi zote mbili kwa pamoja, maana cheni mpya juu ya meno mabovu inaisha haraka.

Kuhusu urembo mwingine, nitasema machache. Ekzosi ya kelele inachosha kichwa kabla hujafika Mapinga. Tairi la 110 kwenye ringi nyembamba ya Boxer linavimba katikati na linaweza kusugua kava ya cheni. Taa mbili za LED za wati 10 kila moja ni nyongeza nzuri. Zinakula ampea 1.7 hivi, ziwekee rilei na fyuzi ya ampea 5.

Barabarani

Mzigo mzito uwe chini na karibu nawe. Kilo 10 zilizofungwa mwisho wa keria, nyuma ya ekseli, zinapunguza uzito wa tairi la mbele, na usukani unaanza kutikisika ukipishana na basi. Ncha za mpira wa kufungia zichomeke ndani. Zikining'inia zinakwenda kwenye cheni. Beba tyubu ya mbele: kwa dharura inaweza kuingia na nyuma ukaenda taratibu hadi mji unaofuata.

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Kundi lenye Boxer na Himalayan litembee mwendo wa Boxer, 75 hadi 80, mwenye pikipiki ndogo akae nafasi ya pili, mpangilio uwe wa kupishana kushoto na kulia na sekunde mbili kati yenu. Pumzikeni kila kilomita 60 au 70. Bagamoyo, Kiwangwa, Lugoba na Mlandizi ni vituo vya asili. Kuanzia Chalinze kaa mbali na mstari wa katikati, kwa sababu lori linalokuja linasukuma hewa kisha linaivuta, na ukikaza mikono pikipiki inayumba zaidi. Legeza viwiko, bana tangi kwa magoti.

Ukirudi, usiifunike ikiwa na chumvi ya Bagamoyo. Mwaga maji safi kwenye spoku, ringi na bolti za shokapu, futa chuma cha shokapu za mbele kwa kitambaa laini ili vumbi lisikate sili, na upake cheni mafuta ikiwa bado ina joto.