Spoki Zisizokuwapo

Desemba ile nilikuwa likizo nyumbani Tanga, mitaa ya Ngamiani, na tasnifu yangu ya uzamili imo kwenye kompyuta. Kazi yenyewe ilikuwa kukokotoa klasta za boroni: unachukua atomu chache zilizoshikamana, unaitafutisha programu elektroni zao zimekaa wapi. Magharibi umeme ukakatika. Betri yangu ilishachoka siku nyingi, hesabu ikafia katikati.

Mpwa wangu, wakati huo kidato cha tano, alikuwa uani kapindua baiskeli, anabadilisha spoki.

"Anko, hiyo boroni ina nini mpaka ikunyime usingizi?"

Nikamwonyesha gurudumu lake. Ioni (klasta yenye chaji) niliyokuwa naikokotoa, B9⁻, yaani boroni tisa na elektroni moja ya ziada, ina umbo hilohilo: boroni moja kitovuni, nane zimeizunguka, zote zimelala bapa. Na ipo kweli, si mchoro wa kompyuta tu. Mwaka 2003 wanakemia Lai-Sheng Wang, Alexander Boldyrev na wenzao waliitangaza baada ya kuipima maabara na kuipigia hesabu. Kijana akachana kipande cha boksi, akaomba penseli, akapanga atomu zake, kisha akavuta mistari minane kutoka kitovuni. Spoki, tena!

"Sasa hesabu elektroni," nikamwambia.

Boroni ina elektroni 3 za nje. Tisa mara tatu, 27. Ongeza moja ya chaji hasi, 28. Bondi nane za pembeni, zinazounga atomu za rimu, kila moja na elektroni zake 2, zinameza 16. Zimebaki 12. Lakini spoki nane zinataka 16. Akarudia kwa mwanga wa simu, kidole cheusi kwa grisi kikigonga kila atomu.

"Hazitoshi."

Hapo ndipo ninapoipendea boroni. Elektroni zake ni haba mno kumpa kila jirani jozi yake, kwa hiyo zile 12 hazikai kati ya atomu mbili mbili: ni mali ya zote tisa. Sita ni za sigma, zimo katika bapa lenyewe. Sita ni za pai, juu na chini yake. Benzini tunayokaririshwa shuleni ina sita za pai tu, na kwa hizo inatimiza kanuni ya Hückel: pete bapa hutulia ikiwa na elektroni za pamoja 4n+2, yaani 2, 6, 10 na kuendelea. B9⁻ inaitimiza mara mbili, kwa sigma na kwa pai. Utulivu huo wanakemia huuita uaromatiki, na huu wa B9⁻ ni uaromatiki maradufu. (Programu ingenipa jibu lenye desimali kibao, lakini lile boksi lilinikaa kichwani zaidi.)

Akafuta spoki zote kwa kidole, doa la grisi likaenea hadi pembeni. Kisha akauliza, je, rimu ikiwa na atomu saba? Nikampa B8²⁻. Akaanza kunong'ona: 24, na mbili za chaji, 26, pembeni 14.

"Zimebaki 12 tena!"

Alipaza sauti mpaka dada akachungulia dirishani kuuliza kama Coastal Union, timu yetu ya mpira, wamefunga bao.