Nilivyolijaza daftari la wastaafu wenzangu

Nilipochaguliwa katibu wa kikundi cha wanajeshi wastaafu hapa katani kwetu, nilikabidhiwa mhuri, kitabu cha risiti na daftari la kaunta lenye majina 23. Saba kati ya hao tulishawazika, ila daftarini bado walikuwa wanadaiwa ada.

Siku ya Mashujaa ilikuwa imebaki miezi mitatu. Kila Julai 25 huwa tunaitazama kwenye televisheni: Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, Mkuu wa Majeshi sime, wazee wastaafu shoka, tarumbeta inalia, tunazima. Nikapendekeza safari hii na sisi tukusanyike, tusome majina ya waliotoka katani wakafia Vita vya Kagera. Wajumbe waliunga mkono haraka mno, dalili kwamba hakuna aliyejua kazi yenyewe.

Mimi niliingia jeshini vita imeshakwisha. Nilichokuwa nacho ni masimulizi ya kaka zangu: Idi Amin wa Uganda kavamia Oktoba 1978, daraja la Kyaka limelipuliwa, mgambo wametoka mashambani kuungana na jeshi letu, JWTZ, Kampala imeanguka Aprili 11, 1979. Nilijua pia kwamba mashujaa wetu wengi wamelala Kaboya, Muleba. Nani hasa katoka mtaa upi, hilo ilibidi nikabishe hodi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja ambaye kaka yake, mgambo, hakurudi. Mume wake alirudi, akastaafu, akafariki miaka mitatu iliyopita. Alinikaribisha kiti, akanitajia jina la kaka yake taratibu nikaandika. Kisha akasema, "Mwanangu, wa Kaboya mnamtafuta. Huyu aliyerudi mkamzika wenyewe, mjane wake mmeshamuuliza anakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba anionyeshe karatasi alizonazo.

Akatoa mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na kibali cha mazishi, naye miaka yote mitatu aliamini ndicho cheti cha kifo. Ofisi moja ilimrudisha mara nne bila kumweleza kinachokosekana. Fedha za marehemu zilikuwa benki, mirathi haijafunguliwa, na watoto wa mke mkubwa wamenuna.

Usiku ule nilichora daftari upya. Kushoto jina, kikosi na namba ya jeshi. Kulia nani kabaki nyumbani na karatasi gani hana. Namba ya jeshi ilitusaidia kuliko kitu kingine chochote. Mstaafu anaweza kusahau mwaka aliooa, lakini namba yake ataitaja usingizini. Kwa marehemu tuliipata ubavuni mwa sanduku la chuma, imeandikwa kwa rangi nyeupe.

Tukagawana mitaa. Waliokwenda kuulizia wafu walirudi na habari za wazima: mzee wa mgambo asiye na karatasi hata moja ya vita, mwingine haoni na hajawahi kupelekwa kliniki. Vijana wa bodaboda wakatubeba bure, nauli yao ikiwa kusimuliwa ya Kyaka njia nzima.

Mzee wetu mkubwa kuliko wote alisisitiza tuwaandike na wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918, maana babu yake hakurudi. Kwa upande wa Waingereza pekee inakadiriwa walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa. Kariakoo imepata jina kwa kikosi chao, Carrier Corps, na pale Posta Dar es Salaam kuna Sanamu ya Askari ya 1927, yenye maandishi ya Kiswahili na Kiingereza yanayoahidi kwamba watoto watalikumbuka jina lako. Jina lenyewe hata moja halimo. Tulipata majina mawili tu ya wapagazi, na moja tunabishania tahajia mpaka leo.

Julai 25 wanafunzi wa shule ya msingi walisoma majina 31 chini ya mwembe. Hotuba ya mgeni rasmi ilikuwa ndefu.

Yule mama tulimfuatilia cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, tukakaa naye kikao cha ukoo mpaka muhtasari ukasainiwa, na wale watoto wakasaini. Siku ya kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo tulikwenda wazee wanne na medali kifuani. Karani akatutazama, akauliza ndugu wa marehemu ni yupi kati yetu.

"Wote," mama akasema. "Andika wote."