Lenny Montana, mwanamieleka aliyekuwa Luca Brasi

Katika vibanda vya video vya Mwanga, hapa Kigoma, watazamaji humkumbuka nyota wa filamu na kuwasahau waigizaji wa pembeni, nami naona huko ni kumdhulumu mtu kama Lenny Montana, mzaliwa wa Brooklyn, Marekani, aliyeishi kwa kupigana mieleka ya kulipwa kabla ya kuigiza kama Luca Brasi, muuaji wa genge la Mafia, katika filamu ya The Godfather ya mwaka 1972.

Alipokuwa mbele ya Marlon Brando, aliyeigiza kama mkubwa wa genge hilo, mwili ule mkubwa uliozoea ulingo uliingiwa na woga, ulimi ukawa mzito katikati ya salamu za harusi ya binti wa mkubwa huyo. Mwongozaji Francis Ford Coppola hakuitupa picha hiyo. Aliibakiza, kisha akaongeza onyesho la Luca akiwa ameketi peke yake, akikariri maneno yake kabla ya kuitwa ndani. Mtazameni midomo inavyorudia sentensi ileile: muuaji anayeogopwa na wote anakuwa mgeni mwenye haya mbele ya mkubwa wake, na haya ya namna hiyo twaifahamu vizuri sisi tuliolelewa Ujiji.

Baadaye alipata nafasi nyingine ndogondogo katika filamu na televisheni, hadi alipofariki mwaka 1992.